VirtualBox ikisema draiva ya kerneli haipo: irudishe bila kufuta mashine zako

Ujumbe wenyewe huja hivi:

```
Kernel driver not installed (rc=-1908)
```

Chini yake huwa kuna maelezo marefu yanayotaja `vboxdrv` na kukuelekeza uendeshe `/sbin/vboxconfig`. Mashine yako pepe, yaani ile kompyuta ya kubuni inayoendeshwa ndani ya VirtualBox, haiwaki. Ukibofya tena, jibu ni lile lile.

Kabla hujagusa chochote, elewa kwamba mashine yako pepe ni nzima. Windows uliyoiweka ndani yake, hesabu za ofisi, mazoezi ya chuo, vyote vimo ndani ya faili la diski ambalo mara nyingi jina lake linaishia na `.vdi`, katika folda ya `VirtualBox VMs`. Hitilafu hii haijalifikia faili hilo, wala VirtualBox haijapata hata nafasi ya kulifungua. Kilichokosekana ni kipande kidogo kilicho nje, upande wa Linux, na kipande hicho huundwa upya kwa dakika chache.

Nalitia mkazo hili kwa sababu natengeneza kompyuta hapa Mombasa, na laptopu nyingi hunifikia baada ya madhara kufanyika. Mtu ameona kosa, ameondoa VirtualBox, ameisakinisha upya, kosa liko palepale. Basi anaamua kuanza moja: anaiondoa mashine kwenye orodha, anaulizwa kama afute na mafaili yake, anakubali. Draiva ingerudi jioni ile ile. Hesabu za miaka hazirudi. Kwa hiyo usifute, usiondoe, na ukiulizwa swali lenye maneno `Delete all files`, jibu ni hapana.

Kwa nini jana iliwaka na leo imegoma

Programu nyingi za kompyuta, kama LibreOffice au Firefox, hazihitaji kumgusa prosesa moja kwa moja. VirtualBox inahitaji. Ili mfumo mzima uendeshwe ndani ya mfumo mwingine kwa kasi inayofaa, hutumia uwezo uliowekwa ndani ya prosesa yenyewe: Intel waliuanzisha mwaka 2005 kwa jina la VT-x, na AMD wakafuata mwaka 2006 na AMD-V. Uwezo huo hauguswi na programu ya kawaida. Kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia vifaa vyote, pekee ndiyo yenye ruhusa. Kwa hiyo VirtualBox huingiza moduli zake, ndiyo ile draiva inayotajwa kwenye ujumbe, ndani ya kerneli: `vboxdrv` ndiyo kubwa, na `vboxnetflt` na `vboxnetadp` ni za mtandao.

Moduli hizi huundwa kwa kerneli moja maalumu, kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Kerneli ya Linux ina sera ya wazi kuhusu jambo hili: programu za juu zitaendelea kufanya kazi toleo hadi toleo, lakini mambo ya ndani ambayo moduli huyategemea yanaweza kubadilika wakati wowote. Ukipata kerneli mpya, moduli lazima iundwe upya kwa ajili yake. Isipoundwa, unapata -1908.

Ubuntu hujipakulia masasisho ya usalama yenyewe, kerneli ikiwa mojawapo. Ila haijiwashi upya bila ruhusa yako. Kerneli mpya hukaa kwenye diski ikisubiri, huku wewe ukiendelea kutumia ya zamani. Hapa kwetu kompyuta nyingi za ofisini hazizimwi kamwe. Huzimwa na stima inapopotea. Ndiyo maana watu wengi huamini kwamba stima ndiyo iliyoharibu.

Mama mmoja mwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Moi Avenue alinipigia asubuhi. Ana programu ya zamani ya Windows ambayo bado anaihitaji kwa rekodi zake, na tuliiweka ndani ya VirtualBox juu ya Ubuntu.

"Fundi, stima ilipotea usiku. Imerudi, na ile Windows ya ndani imeungua."

"La, mama, haijaungua. Hebu nije niione."

Nilipofika nilifungua faili moja tu kwanza:

```
less /var/log/apt/history.log
```

Faili hilo huandika kila kifurushi kilichoingia, na siku na saa. Nikamwonyesha kwa kidole: kerneli mpya iliingia wiki iliyotangulia, mchana, yeye akiwa kazini. Stima ilipopotea na kurudi, kompyuta iliwaka kwa kerneli hiyo kwa mara ya kwanza. Akaniuliza kwa nini basi hakuna aliyemwambia. Swali lake ni la haki kabisa, na sehemu ya mwisho ya makala haya imeandikwa kwa ajili yake.

Iulize kerneli, usibahatishe

Fungua terminali. Andika:

```
uname -r
lsmod | grep vbox
sudo modprobe vboxdrv
```

Ya kwanza inakupa jina kamili la kerneli unayoitumia sasa, kwa mfano `6.8.0-60-generic`. Ya pili inaorodhesha moduli za VirtualBox zilizokwisha kuingia. Ikikaa kimya, hakuna iliyoingia. Ya tatu inajaribu kuiingiza `vboxdrv` kwa nguvu, na jibu lake ndilo litakalokuonyesha njia. Lisome lote, neno kwa neno.

Likisema `Module vboxdrv not found in directory /lib/modules/...`, moduli haijaundwa kwa kerneli hii. Likisema `Key was rejected by service`, au kwenye kerneli za zamani kidogo `Required key not available`, moduli ipo lakini Secure Boot, ulinzi unaokubali tu msimbo uliotiwa sahihi, imeikataa. Na amri ikinyamaza bila kusema lolote, moduli imeingia salama na tatizo lako liko mahali pengine. Njia ni tatu, na kila moja ina dawa yake. Ukinywa dawa ya mwingine utapoteza siku nzima na bando lako.

Moduli haijaundwa

Hapa ndipo wengi walipo. Ili moduli iundwe, kompyuta inahitaji kompaila, yaani `gcc`, pamoja na `make`, na heda za kerneli ile ile unayoitumia. Heda ni mafaili yanayoieleza kompaila jinsi kerneli hiyo ilivyopangwa ndani. Zikikosekana, hakuna kinachoweza kuundwa, hata uisakinishe VirtualBox mara ngapi.

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)
```

Hatua inayofuata inategemea VirtualBox yako ilitoka wapi. Angalia:

```
dpkg -l | grep -i virtualbox
```

Ukiona `virtualbox` na `virtualbox-dkms`, ulichukua kwenye hazina ya Ubuntu au Debian. Endesha:

```
sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms
sudo modprobe vboxdrv
```

Ukiona jina lenye namba ndani yake, kama `virtualbox-7.0` au `virtualbox-7.1`, hiyo ni ya Oracle wenyewe, watengenezaji wa VirtualBox, na dawa yake ni ile iliyotajwa kwenye ujumbe:

```
sudo /sbin/vboxconfig
```

Ukiziona zote mbili kwa pamoja, simama hapo. Chagua moja, ondoa nyingine kwa `sudo apt remove`, kisha endelea. Zikiishi pamoja, programu inaweza kuwa ya upande mmoja na moduli ya upande mwingine, na hapo kosa hubadilika kuwa `VERR_VM_DRIVER_VERSION_MISMATCH (-1912)`. Kosa hilo la -1912 pia hutokea ukisasisha VirtualBox huku moduli ya zamani ikiwa bado imo ndani ya kerneli. Kuzima na kuwasha upya hulimaliza. Kuondoa kifurushi kwa `apt remove` hakugusi folda ya mashine zako.

Wanafunzi wa chuo cha hapa mjini, kule Tudor, na wengineo wanaojifunza usalama wa mitandao hupenda Kali, aina ya Linux iliyoundwa kwa kazi hiyo, na wao wana shida yao maalumu. Amri ya kuchukua heda hujibu kwamba kifurushi hakipatikani: `Unable to locate package linux-headers-...`. Sababu ni kwamba Kali husonga mbele mfululizo, na kerneli ya zamani ikiondolewa kwenye hazina, heda zake huondoka nayo. Usizitafute kwenye tovuti za watu usiowajua. Sasisha mfumo mzima, washa upya ili uingie kwenye kerneli mpya, ndipo uchukue heda:

```
sudo apt update
sudo apt full-upgrade
sudo reboot
```

Na kwenye Debian au Kali, weka pia kifurushi kikuu cha heda, `linux-headers-amd64`. Ukichukua heda za toleo moja peke yake, umejitibu hadi kerneli ijayo tu, kisha utarudi hapa hapa. Kifurushi kikuu huhakikisha kila kerneli mpya inakuja na heda zake. Kwenye Ubuntu kazi hiyo hufanywa na `linux-generic`, au `linux-generic-hwe-24.04` kwa walio kwenye 24.04 ya kompyuta za mezani. Kama mtu aliwahi kuviondoa ili apate nafasi ya diski, virudishe.

Kwenye Fedora heda huitwa `kernel-devel`, na jina la kerneli hufuata:

```
sudo dnf install gcc make kernel-devel-$(uname -r)
```

Kuna hali moja zaidi ambayo huku kwetu huiona sana, na hapa kweli stima ina mkono wake: umeme unakatika katikati ya masasisho. Kerneli imeandikwa nusu, heda hazijamaliza kupangwa, na kila amri ya `apt` inakataa. Kabla ya lolote, maliza kilichoachwa njiani:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Na ikilalamika kwamba hakuna nafasi, angalia `df -h /boot`. Diski iliyogawanywa na kutengewa `/boot` ndogo hujaa kerneli za zamani. `sudo apt autoremove` huziondoa zile zisizohitajika, na huacha unayoitumia.

Inaanza kuundwa, kisha inakwama

Heda zipo, kompaila ipo, lakini unaona `bad exit status` na moduli haitoki. Sasa usome faili la kumbukumbu. Kwa kifurushi cha Ubuntu liko hapa:

```
less /var/lib/dkms/virtualbox/*/build/make.log
```

Kwa kifurushi cha Oracle:

```
less /var/log/vbox-setup.log
```

Usiogope urefu wake. Bonyeza `/`, andika `error`, bonyeza Enter, na usome mstari wa kwanza wenye neno hilo. Mistari inayofuata mara nyingi ni matokeo ya ule wa kwanza, kwa hiyo usianze kutibu wa mwisho.

Watumiaji wa Ubuntu 22.04 walikutana na mfano mzuri wa hili. Kerneli 6.5 ilipoletwa kwao kupitia masasisho, iliundwa kwa gcc 12, ilhali kompaila ya kawaida ya 22.04 ni gcc 11. Kwenye faili la kumbukumbu mstari ulisema hivi:

```
gcc: error: unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'
```

Kompaila ya zamani haikulijua agizo ambalo kerneli ililitaka. Dawa ilikuwa `sudo apt install gcc-12`, kisha kuunda moduli upya. Baadhi ya waliotumia VirtualBox ya Oracle walilazimika pia kuielekeza `gcc` kwenye `gcc-12` kwa `update-alternatives`. Ukitaka kujua kerneli yako iliundwa kwa kompaila gani, endesha `cat /proc/version`. Inalitaja jina lake waziwazi.

Sababu ya pili ni umri. VirtualBox yako ni ya zamani kuliko kerneli, na msimbo wake haujaandikwa kwa mabadiliko mapya. Hapo mstari wa kosa utataja faili fulani la VirtualBox na jina la kitu ambacho kerneli haikijui tena. Hili halitibiwi kwa heda wala kwa kompaila. Ama usasishe VirtualBox, ama urudi kwenye kerneli ya awali huku ukisubiri. Kurudi ni rahisi: kompyuta inapowaka shikilia Shift, au gusagusa Esc kwenye mashine za UEFI, chagua `Advanced options for Ubuntu`, kisha kerneli iliyotangulia. Mtu mwenye mizigo bandarini na makaratasi ya kutoa leo hii, mimi humrudisha kwenye kerneli ya zamani kwanza afanye kazi yake, halafu jioni tunatibu kwa utulivu.

Ukiamua kusasisha VirtualBox, mashine pepe zote ziwe zimezimwa kabisa, kwa kuzima Windows au Linux ya ndani kama kawaida. Mashine iliyohifadhiwa katikati ya kazi kwa `Save the machine state` inaweza kukataa kuamka kwenye toleo jipya.

Secure Boot imeikataa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelezo mengi hukuambia tu uzime Secure Boot na uendelee. Thibitisha kwanza:

```
mokutil --sb-state
```

Ikijibu `SecureBoot enabled`, kerneli inakubali tu moduli zilizotiwa sahihi kwa ufunguo inaoutambua. Moduli za Ubuntu zimetiwa sahihi na Canonical, kampuni inayoitengeneza. Moduli yako imeundwa hapo mezani kwako, kwa hiyo lazima uwe na ufunguo wako mwenyewe na uutambulishe kwa kompyuta. Ufunguo huo huitwa MOK (Machine Owner Key), yaani ufunguo wa mwenye mashine. Kwenye Ubuntu huwekwa hapa:

```
sudo ls /var/lib/shim-signed/mok/
```

Ukiona `MOK.der` na `MOK.priv`, upo tayari. Usipoviona, viunde:

```
sudo update-secureboot-policy --new-key
```

Kisha omba ufunguo uandikishwe:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Utaombwa uweke neno la siri. Hili si la kuingilia kwenye kompyuta. Ni la kutumika mara moja tu, dakika chache zijazo. Chagua herufi ndogo za kawaida na tarakimu, bila alama, kwa sababu skrini inayofuata huisoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani. Liandike kwenye karatasi. Sasa washa upya, na usiondoke kwenda kununua kahawa.

Itatokea skrini ya buluu yenye maandishi meupe, kabla hata ya nembo ya Ubuntu. Itakuambia ubonyeze kitufe chochote, na itahesabu kurudi nyuma kutoka 10. Usipobonyeza, sekunde zikiisha kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida, na ombi lako linapotea. Itabidi urudie `mokutil --import`. Watu wengi hupita hapa wakidhani ni hitilafu ya Windows, au wakiwa wamegeuka kuzungumza na mtu. Bonyeza kitufe. Kwa mishale shuka hadi `Enroll MOK`, Enter. Kisha `Continue`. Itauliza kama uandikishe ufunguo, chagua `Yes`. Weka lile neno la siri la kwenye karatasi. Halionekani unapoliandika, hata vidoto havitokei, wewe andika tu. Mwisho chagua `Reboot`.

Ukisharudi ndani, hakikisha:

```
sudo mokutil --test-key /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
modinfo -F signer vboxdrv
```

Ya kwanza iseme kwamba ufunguo umeshaandikishwa. Ya pili itaje aliyeitia moduli sahihi. Ya pili ikiwa tupu, moduli iliundwa kabla ya ufunguo kuwepo. Iunde upya kwa `dpkg-reconfigure virtualbox-dkms` au `vboxconfig`, kisha `sudo modprobe vboxdrv`. Kazi ya kuandikisha hufanywa mara moja. Moduli za kerneli zijazo zitatiwa sahihi kwa ufunguo huo huo.

Je, kuzima Secure Boot kuna ubaya? Kwenye kompyuta yako ya mazoezi yenye Linux peke yake, ni hiari yako. Kwenye laptopu yenye Windows upande wa pili iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, usithubutu kabla ya kuwa na ufunguo wake wa kurejesha mkononi, kwa sababu ukigeuza Secure Boot Windows inaweza kuudai ufunguo huo na kukufungia nje. Kwenye kompyuta za ofisi zenye taarifa za wateja mimi huiacha Secure Boot ikiwa imewashwa, na huandikisha ufunguo. Ni dakika chache za ziada, na mlango unabaki na kitasa.

Moduli imeingia lakini mashine haiwaki

`lsmod` inaonyesha `vboxdrv`, hakuna tena -1908, lakini kuna kosa jingine. Soma jina lake.

`VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE`, au `VERR_SVM_IN_USE` kwa wenye AMD, maana yake uwezo wa prosesa umeshikwa na mwingine. Mwingine huyo kwa kawaida ni KVM, mfumo wa mashine pepe uliomo ndani ya kerneli yenyewe tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007. Zamani KVM ilishika prosesa pale tu ulipowasha mashine yake. Kuanzia kerneli 6.12 huishika mara tu moduli yake inapoingia, hata kama huitumii. Watu waliokuwa hawana shida kwa miaka wakaamka wameipata. Kwa muda:

```
sudo modprobe -r kvm_intel
```

Kwa AMD andika `kvm_amd`. Amri ikikataa na kusema moduli inatumika, funga kinachoitumia. Kwa wanaotengeneza programu za simu, mara nyingi ni simu pepe ya Android Studio. Ukitaka dawa ya kudumu, fungua `/etc/default/grub` na uongeze `kvm.enable_virt_at_load=0` ndani ya alama za nukuu za `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya. KVM itabaki ikipatikana, ila itasubiri zamu yake.

Kosa likiwa `VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED` au `VERR_SVM_DISABLED`, uwezo wenyewe umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayotangulia mfumo. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini, zile zinazoitwa ex-UK, huja hivyo. Hapa Linux haina la kufanya. Ingia BIOS wakati wa kuwasha: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Tafuta `Virtualization Technology`, au `SVM Mode` kwa AMD, iwashe, hifadhi, toka. Unaweza kuhakikisha kabla ya kuingia huko:

```
sudo journalctl -k | grep -iE "disabled [(]?by bios"
```

Kuhusu flashi na printa zisizoonekana ndani ya mashine, mara nyingi ni ruhusa tu. Jiongeze kwenye kundi, toka kwenye akaunti yako, ingia tena:

```
sudo usermod -aG vboxusers $USER
```

Na kama mashine ya ndani nayo ni Linux, na skrini yake imebaki ndogo au folda ya pamoja haifunguki baada ya kusasisha, kanuni ni ile ile: Guest Additions, nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya mashine pepe, zina moduli zao, nazo zinahitaji heda za kerneli ya ndani, si ya nje. Sakinisha heda huko ndani, kisha endesha upya Guest Additions.

Kabla hujazima

Sasa lile swali la mama wa Moi Avenue: nani atamwambia? DKMS, programu inayounda moduli upya kila kerneli mpya inapoingia, inaweza kumwambia, akiiuliza kabla ya kuzima. Kwa wenye kifurushi cha `virtualbox-dkms`, moduli ya kerneli mpya huundwa pale kerneli inapoingia, si pale inapowashwa, kwa hiyo hitilafu huwa imeshaandikwa siku nyingi kabla haijaonekana. Angalia kerneli zilizopo, kisha hali ya moduli:

```
ls /lib/modules
dkms status
```

Jibu la `dkms status` huwa na mistari kama hii:

```
virtualbox/7.0.16, 6.8.0-59-generic, x86_64: installed
virtualbox/7.0.16, 6.8.0-60-generic, x86_64: installed
```

Linganisha. Kerneli iliyo mpya zaidi kwenye orodha ya kwanza lazima iwe na mstari wake kwenye ya pili, nao uishie na `installed`. Neno likiwa `added` au `built`, au kerneli hiyo haipo kabisa, usizime bado. Iundie moduli ukiwa ungali kwenye kerneli inayofanya kazi, kwa kutaja jina lake:

```
sudo apt install linux-headers-6.8.0-60-generic
sudo dkms autoinstall -k 6.8.0-60-generic
```

Kwa yule mama niliziweka amri zile mbili za kuangalia ndani ya faili dogo kwenye skrini yake, lifunguke kwa kubofya. Huliangalia Ijumaa kabla ya kufunga ofisi. Mistari isipolingana, hunipigia picha kwa simu na kuiacha kompyuta ikiwaka, nami hupitia Jumamosi asubuhi.